Mbegu ya Chumvi Haichimbi Mtaro

Picha za mashamba ya mpunga yaliyostawi kando ya bahari nchini China zimezunguka sana kwenye simu zetu, zikiambatana na maelezo kwamba Wachina wamepata mpunga unaomea kwenye maji ya bahari. Hapa nyumbani, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) imekwisha kutoa mbegu za mpunga zinazostahimili chumvi, SATO 1 na SATO 9, na mazungumzo kwenye skimu za umwagiliaji yamebadilika. Mkulima ambaye jaruba lake limeota ukoko mweupe anaambiwa asubiri mbegu. Diwani anayeombwa fedha za kufukua mitaro anajibu kwamba sayansi imepata dawa. Mimi ninaiamini sayansi hiyo, na ndiyo maana inaniuma inapobebeshwa mzigo usio wake. Jeni, yaani chembe za urithi, zinazousaidia mpunga kuvumilia chumvi zipo, zinafanya kazi, na wakulima wetu wanazihitaji msimu huu, si kesho kutwa. Lakini kazi yake ni kumpa mkulima muda mpaka maji baridi yafike na chumvi itoke. Kwenye shamba lisilo na maji baridi wala njia ya kuyatoa yaliyochafuka, jeni hizo huahirisha hasara tu.

Tuanze na mpunga wenyewe. Katika nafaka kubwa, mpunga ni miongoni mwa zilizo dhaifu kabisa mbele ya chumvi. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa jinsi unavyopitisha umeme, kwa kipimo kiitwacho desisimensi kwa mita. Mpunga wa kawaida huanza kupoteza mavuno udongo ukifika 3 tu, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hupunguza mavuno kwa asilimia 12 hivi. Kwa hesabu hiyo, shamba lenye 6 limekwisha kupoteza zaidi ya theluthi ya mavuno kabla ndege na panya hawajaingia. Maji ya bahari yana takriban 50. Mtu akizishika namba hizo mbili pamoja, 3 na 50, hatahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba "mpunga wa maji ya bahari" una maelezo yaliyoachwa njiani.

Chumvi huuumiza mpunga kwa njia mbili. Kwanza huyashikilia maji ya udongoni, kiasi kwamba mche unaweza kusimama ndani ya jaruba lililojaa na bado ukawa na kiu. Pili, sodiamu hupenya kwenye mizizi, hupanda na maji kupitia mishipa ya shina na kurundikana kwenye majani, ambako huchukua nafasi ya potasiamu ambayo seli zinaihitaji kwa kazi zake za kila siku. Ncha za majani hukauka, jani hugeuka jeupe, na mche hufa. Hapo ndipo jeni zinapoingia. Iliyochunguzwa zaidi inaitwa OsHKT1;5. Hiyo hutengeneza protini inayokaa kando ya mishipa ya maji kama bawabu mlangoni: huikamata sodiamu inayopanda na kuirudisha pembeni kabla haijafika kwenye jani, huku potasiamu ikiachwa ipite. Jeni nyingine, SOS1, husukuma sodiamu nje ya mzizi. Nyingine, OsNHX1, huifungia ndani ya vifuko vya seli ambako haiwezi kudhuru. Hakuna hata moja inayoiondoa chumvi shambani. Zote hupanga wapi chumvi ikae na kwa muda gani, na kazi hiyo humgharimu mmea nguvu ambayo ingekwenda kujaza punje.

Chimbuko la jeni hizi lingepaswa kujulikana na kila anayezipigia debe na kila anayezipinga. Kwenye pwani ya Kerala, kusini mwa India, kuna mpunga wa kale uitwao Pokkali. Upande wa Bengali Magharibi kuna mwingine uitwao Nona Bokra. Hizi ni mbegu za wakulima, zilizochaguliwa kizazi kwa kizazi na watu waliolima mahali ambapo bahari hupanda. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga, IRRI, yenye makao yake Ufilipino, waliuchanganya Pokkali na mpunga dhaifu uitwao IR29, wakafuatilia watoto wake, na wakabaini kwamba sehemu kubwa ya uvumilivu wa miche imo kwenye kipande kimoja cha kromosomu ya kwanza, moja ya nyuzi zinazobeba jeni. Wakakiita Saltol. Mwaka 2005, kundi la watafiti wa Shanghai lililokuwa likiufanyia kazi Nona Bokra lilitangaza kwamba limeipata jeni yenyewe kwenye kromosomu hiyohiyo, wakaiita SKC1, nayo ndiyo OsHKT1;5. Tangu hapo imewezekana kuichukua sehemu hiyo kwa kuchavusha kwa mkono, kisha kupima kipande cha jani la mche kujua kama umeirithi, bila kusubiri kuumwagia chumvi na kuona kama utakufa.

Lakini waangalie Wakerala wenyewe jinsi wanavyoulima Pokkali, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hawapandi mbegu kwenye maji ya bahari. Wakati wa kiangazi, maji ya chumvi yanapojaa mashambani, hufuga kamba. Mvua za monsuni zikianza mwezi Juni, huuinua udongo kuwa vichuguu vidogo, huacha mvua iuoshe, kisha ndipo huotesha mbegu juu ya vichuguu hivyo. Maji yanapokuwa matamu vya kutosha, hubomoa vichuguu na kuitawanya miche. Mpunga huvunwa karibu na Oktoba, kabla chumvi haijarudi kwa nguvu. Yaani mbegu iliyoipa dunia Saltol imelelewa kwenye mfumo wenye matuta, milango ya maji na kalenda inayofuata mvua bila kukosea. Wabalanta wa Guinea-Bissau, wanaolima mpunga kwenye ardhi iliyokuwa mikoko, hufanya jambo la aina hiyo: hujenga kingo kuizuia bahari, huacha mvua za mwanzo zikae na kuondoka na chumvi, ndipo hupandikiza. Watu hawa hawakuiachia mbegu peke yake vita yote, na ni wao walio na mbegu bora.

Japani inatoa ushahidi mwingine. Tsunami ya Machi 2011 ilifunika kwa maji ya bahari zaidi ya hekta 20,000 za mashamba kwenye pwani ya kaskazini mashariki. Watafiti wa mkoa wa Iwate walichukua aina inayopendwa huko, Hitomebore, wakapitia koo zake 6,000 hivi zilizobadilishwa jeni kwa kemikali, na wakapata mpunga mmoja uliovumilia chumvi kwa sababu jeni yake moja, OsRR22, ilikuwa imeharibika. Kutokana na huo wakazalisha mpunga waliouita Kaijin, kwa muda wa miaka miwili tu. Ni kazi ya kuvutia mno. Hata hivyo, mashamba yale yalirudi kwenye uzalishaji kwa njia ya zamani: yaliondolewa kifusi, mitaro na pampu zilizovunjika zikatengenezwa, kisha yakajazwa maji baridi na kumwagwa, mara kwa mara, mpaka kipimo cha chumvi kikashuka. Nchi yenye maabara za kiwango hicho bado ilianza na maji.

Na hao Wachina? Kituo cha utafiti wa mpunga cha Qingdao, kilichoanzishwa mwaka 2016 chini ya marehemu Yuan Longping, mtaalamu wa mpunga chotara, kilifanya majaribio yake kwa maji yenye chumvi ya hadi asilimia 0.6. Bahari ina asilimia 3.5 hivi. Maji yale yalikuwa ya bahari yaliyochanganywa na maji baridi mengi. Kuyavumilia ni mafanikio makubwa kwa mpunga, na sipunguzi hata chembe ya sifa yao. Ninachokataa ni maelezo yanayomfanya mkulima wa Rufiji aamini kwamba mtaalamu amemaliza kazi, kumbe mtaalamu mwenyewe alikuwa na bomba la maji baridi mkononi.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi kwenye habari, nalo ni umri wa mmea. Mpunga hauumwi na chumvi kwa kiwango kimoja maisha yake yote. Mbegu huota vizuri hata kwenye chumvi ya wastani. Mche mchanga ni dhaifu sana. Ukishatia machipukizi huwa mgumu kidogo. Kisha, kuanzia mimba inapoingia mpaka kuchanua, unarudi kuwa dhaifu: chavua hufa, na mkulima huvuna masuke marefu yaliyojaa mapepe. Saltol husaidia zaidi mche. Uvumilivu wakati wa kuchanua unaongozwa kwa sehemu kubwa na jeni nyingine, na aina iliyofaulu kitaluni inaweza kufeli vibaya miezi miwili baadaye. Sasa fikiria skimu zetu. Mpunga unaopandikizwa wakati mto umejaa hukuta chumvi imeoshwa. Unapofika kuchanua, maji yamepungua, walio mwisho wa mfereji hawapati zamu, jua linavuta maji juu na chumvi inapanda nayo. Kwa mkulima wa namna hiyo, jeni inayomlinda mche inamlinda kwenye wiki ambazo hazikuwa na hatari kubwa, na inamwacha mkono mtupu wakati wa kuchanua. Anayetoa mbegu bila kuuliza chumvi hupanda mwezi gani anabahatisha.

Nimesikia hoja tatu zikipingana kuhusu mbegu hizi, na si zote zenye uzito sawa. Nyepesi kuliko zote ni ile inayosema kwamba mpunga wa chumvi ni GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara, mali ya makampuni ya nje, na utaiharibu mbegu yetu ya asili. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilisitisha majaribio ya utafiti wa mazao ya GMO, na hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa wakulima wetu. Saltol ilitoka kwenye mpunga na kuingia kwenye mpunga, kwa chavua, kama vile mbegu zilivyochanganyikana mashambani tangu zamani. Kilichoongezwa na maabara ni macho ya kuona ni mche upi ulioirithi. Ni kweli kwamba zipo njia nyingine, ikiwemo ya kuhariri jeni, na watafiti wa China wamekwisha kuizima OsRR22 kwa njia hiyo na kupata mpunga unaovumilia chumvi. Hilo lina mjadala wake wa haki kuhusu sheria na umiliki. Ila kuubeba mjadala huo na kuutupa juu ya kila mbegu yenye sifa mpya ni kumnyima mkulima kitu kilichotoka kwa mkulima mwenzake wa Kerala.

Hoja ya pili ni ya wahandisi wa umwagiliaji, nayo ni nzito. Wanasema: rekebisheni mitaro na chumvi itakwisha yenyewe, mbegu za nini? Skimu nyingi zilijengwa kwa fedha za kuleta maji, si za kuyaondoa. Banio likakamilika, mfereji mkuu ukasakafiwa, na mtaro wa kutolea maji ukaachwa ujazwe na magugu kwa sababu hakuna waziri anayezindua mtaro wa maji machafu. Kila msimu maji huleta chumvi kidogo, mimea huyanywa, jua huyakausha, chumvi hubaki. Kwa hilo ninawaunga mkono kabisa. Wanapokosea ni pale wanapodhani kwamba mkulima anaweza kusubiri. Kukarabati skimu ni suala la miaka na mabilioni ya shilingi, na mwenye ekari moja kwenye udongo wenye kipimo cha 6 analima mwaka huu. Bangladesh wanaijua tofauti hiyo. Tathmini ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba zaidi ya hekta milioni 1 za pwani yao zimeathiriwa na chumvi, kutoka takriban hekta 833,000 mwaka 1973. Taasisi yao ya mpunga, BRRI, ilitoa aina ya BRRI dhan47 mwaka 2007, na nyingine zikafuata. Maelfu ya familia zilizokuwa zikiacha mashamba wazi wakati wa kiangazi zimeweza kuvuna kitu. Hilo si dogo. Ila hata huko mbegu zimefaulu zaidi pale ambapo kuna mfereji uliohifadhi maji ya mvua, na pale ambapo tajiri wa kamba hakufungulia maji ya bahari kwenye shamba la jirani.

Hoja ya tatu, ya wenye shauku, inasema mbegu ni rahisi, hubebeka kwenye mfuko, na haihitaji serikali. Ina ukweli wake, lakini inachanganya magonjwa mawili. Udongo wa chumvi na udongo wa magadi havitibiwi sawa. Kwenye pwani, kama delta ya Rufiji, tatizo ni chumvi ya bahari, ambayo maji baridi huiosha. Kaskazini, kwenye skimu kama Ndungu wilayani Same na Lower Moshi, sehemu ya tatizo ni magadi: sodiamu imeshikamana na udongo wa mfinyanzi, udongo umejifunga, maji hayapenyi, na uchungu wa magadi huzuia mizizi kupata zinki, chuma na fosforasi. Ukijaza maji kwenye jaruba la namna hiyo bila dawa, yanasimama juu tu. Mbegu yenye Saltol ilichaguliwa kwa ajili ya ugonjwa wa kwanza. Kwa ule wa pili kuna jeni nyingine kabisa: mwaka 2023 watafiti wa China walieleza jeni waliyoiita AT1, waliyoipata kwenye mtama, ambayo ikizimwa humwezesha mmea kutoa nje ya seli sumu inayojikusanya kwenye magadi. Mpunga uliozimwa jeni yake inayofanana nayo uliongeza mavuno kwa zaidi ya asilimia 20 kwenye ardhi ya magadi. Ni habari ya matumaini, ila haijafika dukani kwa mkulima wa Ndungu.

Kilichofika ni jasi. Dawa inayojulikana ya magadi ni jasi, ambayo kalisi yake huing'oa sodiamu kutoka kwenye udongo ili maji yaipeleke mtaroni. Na jasi inachimbwa Makanya, wilaya ileile ya Same, upande wa pili wa milima ya Upare, halafu hupakiwa kwenye malori kwenda viwanda vya saruji. Sijui maelezo gani yanatosha kumwambia mkulima wa Ndungu kwamba asubiri jeni kutoka ng'ambo wakati madini yanayoweza kuufungua udongo wake yanapita barabarani. Jasi ina gharama, na bila mtaro nayo haifui dafu, kwa sababu sodiamu iliyong'olewa lazima ipate pa kwenda. Ndiyo maana ninaona ruzuku ya mbegu isiyoandamana na kipimo cha udongo ni fedha inayotembea gizani. Kifaa cha kupimia chumvi kinashikika mkononi. Kila chama cha wamwagiliaji kingekuwa nacho, na bwana shamba akajua kusoma namba zake, tungejua ndani ya msimu mmoja nani anahitaji SATO, nani jasi, na nani anahitaji tu mtaro wake ufukuliwe.

Pwani kuna swali jingine, la mito. Kwenye delta ya Rufiji wakulima walikata mikoko kulima mpunga, na kila maji ya bamvua yanapopanda zaidi, wao huyaacha mashamba ya chini na kusogea juu. Pemba maji ya bahari yameingia kwenye mabonde ya mpunga. Huko Kenya, wakulima wa Ozi karibu na mlango wa mto Tana, ambao kwa vizazi walitumia kujaa kwa bahari kuinua maji matamu ya mto mpaka mashambani, wameona maji yanayoinuka yakiwa ya chumvi. Kwenye Rufiji na Tana kinachoizuia bahari ni nguvu ya mto. Tana una mabwawa ya Seven Forks. Rufiji sasa una bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mabwawa yana faida ambazo sizikatai, umeme tunauhitaji. Lakini ratiba ya kufungulia maji ni ratiba ya kilimo pia, na mkulima wa delta hana kiti kwenye meza inayoipanga. Kipimo cha chumvi kinapopanda kutoka 4 hadi 12 wiki ya kuchanua, hakuna Saltol itakayomwokoa.

Upo wajibu wa watafiti vilevile. Pokkali na Nona Bokra zilipata jina kwa sababu kuna mtu alizifuata kwa wakulima wa pwani na kuzihifadhi. Pwani yetu ina mpunga wake, uliolimwa Rufiji, Pemba na Tana na watu walioijua bamvua kabla ya kuwapo kipimo cha desisimensi. Mbegu hizo zinapotea kadiri mashamba yanavyoachwa, na kila moja inayopotea bila kujaribiwa ni jeni ambazo huenda hazipo Kerala wala Bengali. Zikusanywe sasa, zipandwe kando ya SATO na Supa, mpunga wetu wenye harufu, kwenye majaruba ya wakulima wenyewe, yenye chumvi halisi, na zihukumiwe wakati wa kuchanua, si kitaluni. Na kwa kuwa mnunuzi wa Dar es Salaam analipia harufu, Saltol iingizwe kwenye Supa yenyewe. Vizazi vitatu au vinne vya kumrudisha chotara kwa mzazi wake, kwa kutumia vipimo vya jani, vinatosha kupata Supa yenye kipande hicho, na mkulima hatalazimika kuchagua kati ya mpunga unaosimama kwenye chumvi na mpunga unaonunulika.